Nasaba ya Mawe ya Sekenke

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nzega, akiisha kuyaacha nyuma maziwa ya Singidani na Kindai pamoja na yale majabali ya itale yaliyorundikana kama magunia ya gulioni, hupita Misigiri palipo njia panda ya kwenda Kiomboi, kisha ghafula hujiona yuko ukingoni mwa uwanda wa juu, na basi huanza kuteremka kona baada ya kona za Sekenke, breki zikinuka, na utingo akiwa amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Chini hutandaa mbuga ya Wembere, tambarare hadi upeo wa macho. Abiria wengi wakati huo huwa na dua midomoni, wala si haki kuwalaumu kwa kutotazama mawe. Lakini katika vilima vya upande huu wa Iramba yamo mawe meusi yenye kupiga kijani, mazito mkononi kuliko yanavyoonekana kwa jicho, ambayo yalitoka tumboni mwa dunia yakiwa uji wa moto zama zinazokaribia miaka milioni 2,740 iliyopita. Mlima Kilimanjaro, ambao tumezoea kuutaja kana kwamba ulikuwapo tangu azali, haujatimiza hata miaka milioni 3.

Taarikhi ninayokusudia kuisimulia ni ya mawe hayo, na zaidi ni ya macho yaliyoyatazama. Katika muda wa karne moja tu jiwe lile lile la Sekenke limeulizwa maswali matatu. Kwanza liliulizwa kama lina dhahabu. Baadaye likaulizwa liko juu ya jiwe gani na chini ya jiwe gani. Na mwisho, kwa ala ambazo waulizaji wa kwanza hawakuziota hata usingizini, likaulizwa nasaba yake, yaani ni mantili ya namna gani iliyolizaa. Mantili ni lile tabaka nene la mwamba lililo kati ya ganda tunalolikanyaga na kiini cha dunia, nalo hushuka hadi kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu. Hakuna kekee iliyopata kulifikia tabaka hilo, na kwa hiyo kila tunachokijua juu yake tumekipokea kwa wajumbe, na wajumbe wenye kusema zaidi ni mawe ya volkano.

Dhahabu na rupia za Tabora, 1909 hadi 1916

Habari za dhahabu katika nchi za jirani ya Ziwa Nyanza zilianza kuwafikia Wajerumani mwaka 1894, lakini mgodi wa kwanza wa dhahabu kufanya kazi katika koloni lao lote ulikuwa huu wa Sekenke, nao ulianza mwaka 1909. Dhahabu yenyewe haikuwa imetapakaa ovyo ndani ya mwamba. Ilikaa katika mishipa ya jiwe jeupe la kwarzi lililopenya katika nyufa za mawe ya kijani, kama mafuta yanavyopenya katika nyama. Wachimbaji waliufuata mshipa mweupe, na lile jiwe la kijani lililoushika pande zote mbili lilivunjwa kwa sababu lilikuwa likizuia njia, likatupwa kando.

Vita Kuu ya kwanza ilipofika na manowari za Uingereza zikauzingira mwambao, koloni lilipungukiwa na kila kitu kilichozoea kuja kwa meli, na miongoni mwa vitu hivyo ni fedha za kulipia askari na wachukuzi. Noti zilipigwa chapa kwa wingi hata watu wakazikinai. Ndipo mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, palipotengenezwa sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Upande mmoja palichorwa tai wa Ujerumani, na upande wa pili ndovu aliyeinua mkonga, nyuma yake milima. Kila sarafu ilikuwa na uzito wa gramu 7 na kitu, robo tatu yake dhahabu safi, na zote pamoja zilifika 16,198. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Tabora ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Ubelgiji, na karakana ile haikupiga tena sarafu. Leo sarafu hizo hushindaniwa na wakusanyaji wa vitu vya kale duniani kwa bei ambayo mlipwaji wake wa kwanza asingaliisadiki.

Nimelisimulia jambo hili kwa urefu kwa sababu aghalabu ndilo pekee ambalo watu hulitaja wakitaja Sekenke, na ni kweli kwamba ndovu wa dhahabu huvutia kuliko kifusi. Ila katika kifusi kile kilichotupwa kando ndimo ilimokuwa habari ya thamani zaidi, na ilipasa kungoja muda wa maisha ya mtu mzima na zaidi kabla hajatokea wa kuisoma.

Ramani isiyo na tarehe

Waingereza walipoitawala Tanganyika waliunda idara ya jiolojia katika miaka ya 1920, makao yake yakawa Dodoma, na mkuu wake wa mwanzo akawa Edmund Teale. Kazi ya idara ile ilikuwa kutembea. Mtaalamu alikwenda kwa miguu, wapagazi wakimfuata na mahema, akagonga kila mwamba uliotokeza juu ya ardhi kwa nyundo, akautazama kwa kioo cha kukuzia, akauandika daftarini na kuupaka rangi katika ramani. Kwa njia hiyo ya subira ilidhihirika kwamba nchi ya kati na ya kaskazini-magharibi, kutoka Dodoma kupita Singida na Shinyanga hadi kuvuka mpaka wa Kenya, ni pande moja kuukuu la bara, ambalo siku hizi huitwa Kratoni ya Tanzania. Sehemu kubwa ya pande hilo ni itale, na ndani ya bahari hiyo ya itale mna visiwa virefu vya mawe ya kijani, ambayo asili yake ni lava za kale zilizopikwa upya kwa joto na kanieneo. Kisiwa kimojawapo ni huu ukanda wa Iramba na Sekenke.

Mawe ya kijani yalipewa jina la Kinyanza na mashapo yaliyolala juu yake jina la Kikavirondo, majina yaliyotoka upande wa ziwa, na yale ya kusini zaidi yakaitwa ya Kidodoma. Mwaka 1956 Quennell, McKinlay na Aitken walipotoa muhtasari wa jiolojia ya Tanganyika nzima, utaratibu huo ulikuwa umekwisha kukubalika. Lakini mtu akiusoma muhtasari wa namna hiyo huona upungufu wake mara moja. Palipo na itale iliyopenya ndani ya lava, ilijulikana kwamba itale ni changa kuliko lava, kwa kuwa mgeni hawezi kuingia katika nyumba ambayo haijajengwa. Palipo na changarawe yenye vipande vya lava, ilijulikana kwamba lava ilitangulia. Zaidi ya hapo, kimya. Katika nchi nyingine wataalamu husaidiwa na mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, kwa kuwa kombe la zama fulani halifanani na kombe la zama nyingine. Mawe ya Iramba ni ya zama ambazo viumbe vilikuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo havikuacha kombe wala mfupa. Ilikuwa ni kama kuikuta orodha ya masultani ambamo kila mmoja ameandikwa baada ya baba yake, ila mwaka haukutajwa hata mmoja.

Saa iliyomo ndani ya atomu, 1896 hadi 1956

Dawa ya upungufu huo ilikuwa ikitengenezwa mbali kabisa na Singida, na watengenezaji hawakuwa na habari ya Singida. Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba urani hutoa mionzi yenyewe bila kuchokozwa. Punde ikajulikana kwamba atomu inayotoa mionzi hugeuka na kuwa atomu ya namna nyingine, tena kwa mwendo usiobadilika kwa moto, kwa baridi wala kwa kubanwa. Mwaka 1911 kijana Mwingereza, Arthur Holmes, alitangaza umri wa mawe kadhaa kwa kulinganisha urani na risasi zilizomo, na moja lililotoka Ceylon akalipa miaka milioni 1,640, hesabu iliyowashtua waungwana wengi wa zama zile. Mwaka huo huo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, na badala ya utajiri akapata malaria iliyokaribia kumuua. Tangu hapo, naona, Afrika ya Mashariki ilikuwa imekwisha kudai sehemu yake katika elimu hii.

Mwaka 1913 Frederick Soddy akaleta neno isotopu. Isotopu za elementi moja ni mfano wa ndugu wa tumbo moja wenye sura moja na tabia moja, ambao ukiwatuma kazi hufanya sawasawa, ila ukiwaweka katika mizani mmoja humzidi mwenzake. Tofauti yao ni nyutroni zilizomo katika kiini cha atomu. Mwaka 1919 Francis Aston alitengeneza ala ya kuwatenganisha ndugu hao kwa sumaku, na katika miaka ya 1930 na kitu Alfred Nier wa Marekani akaifanya kuwa sahihi zaidi. Ala ilipokomaa, Clair Patterson akaitumia kupima risasi ya vimondo, na mwaka 1956 akathibitisha kwamba umri wa dunia ni miaka milioni 4,550, hesabu ambayo haijatikisika hadi leo. Ni mwaka ule ule ambao muhtasari wa Tanganyika ulitoka bila tarehe.

Tui na machicha, 1964 hadi 1986

Hapa pana badiliko la fikira ambalo nataka msomaji alishike vema, maana bila ya hilo mengine yote ni majina tu. Wapimaji wa mwanzo walitaka umri. Lakini mwaka 1964 Paul Gast na wenzake wawili, Tilton na Hedge, walipima risasi na stronti katika lava za visiwa vya Ascension na Gough vilivyo katika Bahari ya Atlantiki, lava changa ambazo umri wake haukuwa na utata, wakakuta isotopu zake hazilingani. Kama mantili ingalikuwa uji mmoja uliokorogwa ukalainika, lava zake zote zingalikuwa na uwiano mmoja. Basi ikawa dhahiri kwamba huko chini mna sehemu na sehemu, na kila sehemu ina historia yake, na lava huitoa historia hiyo nje kama mtoto anavyotoka na alama ya ukoo.

Sababu yake naweza kuieleza kwa kitu kilichomo katika kila jiko la pwani. Mtu akikuna nazi, akaitia maji na kuikamua katika kifumbu, hupata tui zito, na mkononi humbakia machicha. Mafuta mengi yamekwenda na tui, ufumwele umebaki. Mantili nayo ikipata joto la kutosha haiyeyuki yote, bali hutoa tui lake, nalo hupanda juu na kuwa ganda la dunia, ilhali chini hubaki machicha. Sasa ziko elementi mbili jamaa, samari na neodimi, ambazo tabia zao zinakaribiana sana, isipokuwa neodimi hupenda kwenda na tui kuliko samari. Kwa hiyo machicha hubaki na samari nyingi kwa kulinganisha na neodimi, na tui huwa kinyume chake. Kisha saa huanza kazi: isotopu ya samari yenye uzito wa 147 hugeuka polepole kuwa neodimi 143, polepole kiasi kwamba nusu yake huhitaji miaka bilioni 106 kwisha, na tangu dunia iumbwe ni kama asilimia 3 tu iliyokwisha kugeuka. Zikipita dahari, neodimi ya machicha huwa na 143 nyingi kidogo kuliko kawaida, na ile ya ganda huwa na chache kidogo.

Basi machicha yale yakitiwa maji mara ya pili na kukamuliwa tena, tui la pili litatoka na alama ya machicha, na mwenye mizani iliyo sahihi atajua kwamba nazi ile ilikwisha kukamuliwa zamani. Kwa rubidi na stronti mambo ni kinyume, maana rubidi ndiyo ipendayo kwenda na tui kuliko stronti, na hivyo machicha hukosa mzazi wa stronti 87. Kwa urani na risasi hesabu ni ngumu zaidi, ila mantiki ni ile ile.

Mwaka 1976 Donald DePaolo na Gerald Wasserburg wa California walipendekeza kipimo cha kulinganisha neodimi ya jiwe lolote na wastani wa dunia nzima ya wakati jiwe lilipozaliwa, kwa sehemu katika elfu kumi, wakakipa herufi ya Kiyunani epsiloni. Juu ya sifuri maana yake machicha. Chini ya sifuri maana yake ganda kuukuu, au mantili iliyotiwa viungo. Miaka kumi baadaye, 1986, Alan Zindler na Stanley Hart walikusanya vipimo vya lava za bahari zote, wakasema kwamba havielezeki bila ya kukubali aina nne za mantili kwa uchache: moja machicha, moja yenye risasi iliyozaliwa na urani nyingi, na mbili zilizorutubishwa kwa njia mbili tofauti.

Iramba yapimwa

Tarehe zenye maana za Kratoni ya Tanzania zilianza kupatikana kwa rubidi na stronti, na kazi iliyozikusanya kwa upana ni ile ya Keith Bell na M. H. Dodson iliyochapishwa mwaka 1981. Njia hiyo ilikuwa na kasoro inayojulikana. Rubidi na stronti si waaminifu wa kukaa nyumbani: maji ya moto yakipita ndani ya mwamba huzichukua, na saa huanza upya, hivyo mara nyingi kinachopimwa ni umri wa joto lililokuja baadaye. Kwa itale kulikuwa na njia ya pili, kwa kuwa itale ina punje za zirkoni, ambazo hushika urani na kuitunza risasi kwa uaminifu wa ajabu. Lakini basalti, yaani lava nyeusi kama hizi za Sekenke, aghalabu haina zirkoni. Lava za Sekenke zikabaki katikati: njia moja haiaminiki, na nyingine haipatikani.

Ndipo samari na neodimi zikafaa, kwa kuwa hizo hukaa imara hata mwamba ukipikwa. Watu walioitumia njia hiyo juu ya lava za kratoni yetu ni Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walianza na Usukuma, na mwaka 2003 wakatoa umri wa basalti za ukanda ule kuwa miaka milioni 2,823, kwa kuzidi au kupungua milioni 44. Mwaka 2008 ikafika zamu ya Iramba na Sekenke.

Inafaa kuona kazi hiyo ilivyo, kwa sababu neno kupima halionyeshi jasho lake. Kwanza huchaguliwa jiwe ambalo moyo wake haujaliwa na mvua na jua; ganda la nje lenye rangi ya kutu hukatwa likatupwa. Kisha jiwe husagwa likawa unga laini kama wa muhogo. Kijiko kidogo cha unga huo, chini ya sehemu ya kumi ya gramu, hutiwa katika chombo cha plastiki isiyoungua, kikamiminiwa asidi ya floridi, ambayo hula kioo na haina huruma na kidole cha mtu, kikafunikwa na kuachwa juu ya joto siku kadhaa mpaka jiwe lote liwe maji. Maji hayo hupitishwa katika mrija mwembamba uliojazwa punje za utomvu wa kutengenezwa, na kila elementi huteremka kwa zamu yake, neodimi ikipokewa peke yake katika matone machache. Tone hukaushwa juu ya uzi wa madini ya reni mwembamba kuliko ukucha, uzi ukaingizwa katika mashine isiyo na hewa ndani, ukapashwa moto hata ukang'aa, na atomu zilizoruka zikapindwa na sumaku, nyepesi zikipinda zaidi na nzito kidogo. Kinachotafutwa ni neodimi 143 ikigawanywa kwa 144. Katika dunia ya leo, kwa wastani, jawabu ni 0.5126 na ushei, na habari yote ya machicha na ganda imo katika tarakimu ya tatu baada ya nukta na zinazoifuata. Mtu akikohoa penye vumbi wakati wa kazi, amekwisha kuharibu.

Mawe mengi ya ukanda mmoja yakipimwa hivyo na majibu yakatiwa katika karatasi ya mistari, hujipanga katika mstari ulioinama, na mwinamo wake ndio umri. Lava za Iramba zilitoa miaka milioni 2,740 hivi, kwa kuzidi au kupungua makumi machache ya milioni. Na pale mstari unapoikata nguzo ya karatasi ndipo penye nasaba, kwa kuwa hapo husomwa neodimi ambayo lava hizo zilizaliwa nayo. Epsiloni ilikuwa juu ya sifuri.

Maana yake ni kubwa kuliko ukubwa wa tarakimu. Mantili iliyozaa mawe ya Sekenke ilikuwa machicha tayari; yaani kabla ya miaka milioni 2,740 iliyopita, na kabla sana, kwa kuwa alama ya machicha huhitaji mamia ya mamilioni ya miaka kujijenga, tui la kwanza lilikuwa limekwisha kukamuliwa, na mabara ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuumbwa mahali fulani. Kadhalika lava ilipopanda haikukaa sana ndani ya ganda kuukuu na kulimeza, maana ingalifanya hivyo epsiloni ingalivutwa chini. Mkosoaji anaweza kudai kwamba mstari wa namna hii huweza pia kuchorwa na machanganyiko ya lava mbili bila kuwa umri wa chochote, na dai hilo limewahi kuwa kweli katika nchi nyingine. Kwa ajili hiyo wapimaji hutazama pia elementi zisizo na mionzi, ili waone kama lava ina harufu ya ganda. Swali gumu zaidi, yaani kama zama zile palikuwapo mabamba ya dunia yanayosukumana na kuzamana kama leo, au mantili ilitoa joto lake kwa nguzo za moto zilizopanda wima, lingali likiwagawa wataalamu wa mawe ya kale duniani kote. Mimi nasoma hoja za pande zote mbili na kila upande hunishawishi kwa siku mbili.

Mashahidi kutoka volkano changa

Ushahidi wa mawe ya kale usingalikamilika bila ya ule wa volkano changa zilizotoboa kratoni hiyo hiyo, nazo ziko mlangoni mwa Singida. Siku isiyo na ukungu, mtu akiwa upande wa mashariki wa mkoa huona Hanang, mlima wa zaidi ya mita 3,400, ambao kwa umri wa mawe ni mtoto wa juzi. Mbele zaidi, kaskazini, yuko Oldoinyo Lengai, ambako Barry Dawson mwaka 1960 aliona lava ya kaboneti ya sodiamu, nyeusi inapotoka na nyeupe baada ya siku kadhaa, ambayo haina mfano katika volkano nyingine yoyote iliyo hai. Mwaka 1987 Keith Bell na John Blenkinsop walilinganisha neodimi na stronti za mawe ya kaboneti kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, wakakuta yote yamejipanga katika mstari mmoja, ishara ya vyanzo viwili vya mantili vinavyochanganyika kwa vipimo mbalimbali, kama maziwa na kahawa katika vikombe vya watu wa ladha tofauti.

Lakini shahidi ninayempenda ni mdogo kwa umbo. Jirani ya Hanang kuna kilima cha volkano kiitwacho Labait. Lava yake ilipopanda ilikwaruza kuta za njia na kubeba vipande vya mantili yenyewe, ambavyo hupatikana vimenaswa ndani ya jiwe jeusi, kijani kibichi kama kunde zilizochumwa sasa hivi, vikimetameta ukivigeuza juani. Hivi si tui bali ni machicha yenyewe mkononi. Mwaka 1999 John Chesley, Roberta Rudnick na Cin-Ty Lee walitoa majibu ya vipande hivyo kwa saa nyingine, ya reni na osmi, ambayo hufaa mahali ambapo neodimi imechafuliwa na viowevu vilivyopita baadaye. Vipande vilivyotoka sehemu ya juu ya mzizi wa kratoni, yaani mantili iliyoshikamana nayo kwa chini, vilionyesha kwamba vilikamuliwa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, zama zile zile za mawe ya Iramba. Vilivyotoka chini kabisa, kwenye kina cha kilomita 140 na zaidi, havikuwa na ukale huo. Osmi yake ilikaribia ile ya mantili ya leo. Mzizi wa kratoni, kwa hiyo, umekaa mahali pake tangu lava za Sekenke zimwagike, ila chini kabisa unaguswa na kitu kigeni chenye joto, na wataalamu hao walikihesabu kuwa ni nguzo ya moto iliyo chini ya Afrika ya Mashariki.

Joto hilo ndilo lililoinua nchi na kulipasua Bonde la Ufa. Tawi moja la ufa hutoka Eyasi likaelekea kusini-magharibi hadi Wembere, na ukingo wake ndio ule mteremko ambao basi hushuka likinuka breki. Chini yake, upande wa Shelui, wachimbaji wadogo wangali wakiteremka katika maduara yao kuufuata mshipa mweupe, makarasha yakiunguruma mchana kutwa. Jiwe la kijani hutolewa kwa ndoo na kumwagwa kando ya duara.